Shangazi, nimepata mnunuzi wa pikipiki yangu na usingizi umenipotea

Shangazi, habari za Busia.

Mimi ni mwanaume wa miaka 48, naishi Bukwo, mashariki mwa Uganda, na kazi yangu ni uhimilishaji, yaani kupandisha ng'ombe bila dume. Wakulima wananiita daktari ingawa sikufika huko. Nina cheti, mtungi wa naitrojeni wa kugandishia mbegu za dume na glovu za kufika begani, basi. Nimeona watu wanakuandikia mambo ya wake, waume, mashamba na mahari, sasa naona haya kukuletea habari ya chuma. Lakini nikimwambia mtu wa hapa, nitachekwa mpaka siku ya soko.

Pikipiki yangu ni Yamaha AG100. Niliinunua mwaka 2009, mradi mmoja wa mifugo ulipofunga ofisi na kuuza vitu vyake kwa mnada. Kama hujawahi kuiona, ni ile yenye kariya ya chuma mbele na nyuma, mnyororo umefunikwa wote usile matope, na stendi ziko pande mbili ili uiegeshe hata kwenye mteremko. Ilitengenezwa kwa watu wa mashamba. Inachoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo inatoa moshi wa bluu, na sauti yake huwezi kuichanganya na nyingine. Mbwa wa Kabei wanaijua. Wananibwekea mimi nikija kwa miguu, nikija nayo wananyamaza.

Wakati ule barabara ya kutoka Kapchorwa kwenda Suam ilikuwa jina tu. Mvua ikinyesha, lori linalala njiani siku tatu. Mtu wa Bukwo akitaka kwenda Mbale anavuka mpaka Suam, anazungukia Kenya kupitia Kitale, halafu anaingia tena Uganda. Unatoka nchini kwako ili ufike nchini kwako! Miaka hiyo mimi na hiyo AG ndio tulikuwa tunafika. Nilibeba mtungi, nilibeba chanjo, nilibeba wajawazito wawili, na mara moja jeneza la mtoto ambalo sipendi kulizungumzia. Haikuwahi kuniacha porini.

Tarehe 12 Agosti 2012 Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni kule London, nilikuwa kwenye boma moja la Kabei nikisubiri ng'ombe afungwe, maana ng'ombe akitaka dume hajui Jumapili. Redio tuliiweka juu ya tanki la pikipiki. Tulipiga kelele hadi ng'ombe akakata kamba. Tangu siku hiyo watoto wakaanza kuiita Kipro, kwa sababu nayo inapanda mlima bila kukata pumzi. Binti yangu wa kwanza, wakati huo yuko darasa la nne, P4, akachukua rangi ya kucha ya mama yake akaandika KIPRO kwenye ule mpira wa nyuma wa kuzuia matope. Leo huyo binti anasomea uuguzi Mbale na maandishi bado yapo.

Sasa lami imekuja, kilomita 73 kutoka Kapchorwa hadi Suam. Tuliiombea miaka, nami nilicheza siku mashine zilipofika kwetu. Lakini juu ya lami Kipro amekuwa mzee. (Unaona? Nasema "amekuwa". Siwezi kusema "imekuwa", ulimi unakataa.) Nikifika 60 usukani unatetemeka, magari yananipigia honi kama mimi ni mbuzi. Spea hakuna. Ringi za pistoni fundi wangu alizitafuta wiki mbili, mpaka Kampala, soko la Kisekka, akapata za kubahatisha.

Mwezi wa nne ikagoma kabisa. Mama mmoja mjane alinipigia asubuhi kwamba ng'ombe wake ameanza kupanda wenzake. Kanuni yetu ni kwamba ukimwona asubuhi unampandisha jioni, ukimwona jioni unampandisha asubuhi, ukichelewa umepitwa. Nilipiga kiki kwenye mvua mpaka mguu ukafa ganzi. Nilifika kesho yake saa tano. Nilifanya kazi, lakini moyoni nilijua. Siku 21 baadaye ng'ombe akarudi kwenye joto. Mama yule hakunilaumu. Alinipa chai. Afadhali angenitukana.

Mama watoto yeye hasemi sana. Aliacha zamani kupanda Kipro kwenda kanisani kwa sababu ya moshi kwenye vazi lake la gomesi. Mwezi uliopita alinikabidhi daftari. Ameandika kila spea, kila oili, kila siku niliyokodi boda kwa sababu yangu imelala, tangu Januari. Jumla shilingi 1,140,000. Chini hakuandika chochote. Alipiga mstari tu.

Nimeweka akiba milioni 4. Pikipiki mpya aina ya Boxer 150 nimeambiwa Mbale milioni 6 na laki 4 ikiwa na namba zake. Wanunuzi wa Kipro wako wawili. Wa kwanza ni mfanyabiashara wa spea wa Mbale, anatoa milioni 2 na laki 6 taslimu, na hakuficha kwamba ataifungua, injini kwake, kilichobaki kipande kipande. Wa pili ni kijana niliyemfundisha kazi miaka miwili kabla hajaenda kusoma Entebbe, kwenye kituo cha taifa cha mbegu za mifugo. Sasa anafanya kazi chini huko Ngenge, tambarare, ambako njia za vijijini ni za udongo, na hana chombo. Yeye anaweza milioni 1 na laki 8: laki 6 sasa, nyingine kidogo kidogo kila mwezi. Karatasi si tatizo, kila mtu anajua ni yangu, ingawa logibuku, yaani kitabu cha usajili, bado ina jina la mradi.

Usiku natoka nje kuiangalia. Mara mbili mke wangu amenikuta nimesimama hapo na tochi nikajifanya natafuta panya.

Na kuna jambo dogo, usinicheke. Hapa kwetu Boxer ni za boda. Nikiwa juu ya Boxer, mtu atanipungia mkono barabarani, "Boda! Nipeleke Suam." Miaka 16 hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo.

Niuze? Nimuuzie nani? Na ule mpira wenye jina, naruhusiwa kuubandua?

Ni mimi,
Mtu wa Mtungi, Bukwo

* * *

Mdogo wangu Mtu wa Mtungi,

Uza. Nimekujibu hilo kwanza ili usisome barua hii yote huku umeshika roho mkononi. Lakini usiuze wiki hii, na sababu nitakueleza, kwa kuwa kuna mahali katika barua yako ulipita mbio na mimi nikabaki hapo nimekodoa macho.

Nianze na hilo jambo ulilosema ni dogo. Nilicheka, ndiyo. Halafu nikaacha kucheka.

Baba yangu alikuwa boda. Si wa pikipiki, wa baiskeli, hapa hapa Busia, miaka ya 70. Kutoka kituo cha mpaka cha Uganda hadi cha Kenya kuna kipande cha njia, na watu wenye mizigo hawakutaka kukitembea kwenye jua. Vijana wenye baiskeli walisimama wakiita kwa Kiingereza cha mpakani, "boda, boda!" yaani twende mpaka kwa mpaka, na jina hilo ndilo limezunguka Afrika Mashariki nzima hadi kwako Bukwo. Baba alishona kimto cha sponji kwenye kariya. Juu ya kimto hicho ndipo ilipopatikana ada yangu ya shule. Kwa hiyo mtu akikupungia mkono ukiwa kwenye Boxer, hajakuvunjia heshima. Mwambie "naenda kwa ng'ombe, mama," na uendelee.

Ila najua si hilo linalokuuma. Nimesoma barua yako mara tatu. Unaandika kuhusu matope kama mwanajeshi mstaafu anavyoandika kuhusu vita. Lori limelala, watu wanazungukia Kitale, na wewe peke yako unafika. Kisha ikaja lami, na sasa kila mtu anafika. Mhimilishaji wa Kapchorwa anafika. Kijana wa boda aliyenunua pikipiki juzi kwa mkopo anafika. Barabara uliyoiombea imekuondolea ule umuhimu wa kuwa mtu pekee. Pikipiki ndiyo shahidi wa mwisho wa miaka ile, na ndiyo maana unasimama nayo usiku na tochi. Mimi sioni aibu hapo. Naona mtu aliyefanya kazi ngumu na hakuna aliyemwambia asante kwa sauti. Basi mimi nakwambia: asante. Hao wajawazito wawili wangeandika wao, lakini wana watoto wa kulea.

Na lile jeneza ulilosema hupendi kulizungumzia, hatulizungumzi.

Sasa yule mjane. Wewe unaijua kazi yako kuliko mimi, lakini baba mkwe alifuga, kwa hiyo hesabu za siku 21 nazijua. Ng'ombe aliyekosa mara moja ni wiki tatu za kulisha tumbo tupu. Akikosa mara mbili ni karibu mwezi na nusu, na huko mbele ni mwezi na nusu wa maziwa ambayo hayatakuja, na ada ya mtoto iko kwenye maziwa hayo. Mama alikupa chai kwa sababu ya miaka ya nyuma. Alikuwa anakulipa deni la matope. Lakini hazina hiyo si kisima, mdogo wangu. Ukimpiga kiki Kipro kwenye mvua mara nyingine mbili tatu, chai itapoa, na safari ya nne atampigia yule wa Kapchorwa. Unachokipenda ni kufika. Kipro hafikishi tena.

Ulipouliza umuuzie nani, nilidhani jibu ni rahisi, kijana. Halafu nikakumbuka ya kwangu.

Mume wangu alifariki mwaka 2011. Aliacha pikipiki, Honda ya zamani, ya rangi nyekundu iliyopauka. Sikujua kuiendesha, watoto walikuwa wadogo, na mwalimu mmoja jirani, mtu mzuri sana, akaja na pesa kamili. Nikauza. Nilijiona nimefanya vyema, imebaki mtaani, iko kwenye mikono safi. Nilisahau kwamba masikio hayakuweka sahihi kwenye mkataba. Kila siku saa kumi na mbili jioni mwalimu anarudi nyumbani, anapita uchochoro wetu, na mimi huku jikoni nainuka kutenga maji ya kuoga. Nakuwa nimeshashika sufuria ndipo nakumbuka. Miaka miwili! Siku mwalimu alipobadilisha ekzosi na sauti ikawa nyingine, nililia kuliko nilivyolia matangani, na sikuwa na wa kumweleza kwamba nalilia ekzosi.

Kwa hiyo kama kijana wako angekuwa anafanya kazi Bukwo, ningekwambia mpe mfanyabiashara wa Mbale na ufunge macho. Na wala usimchukie huyo mfanyabiashara kwa kusema ukweli. Umesema mwenyewe ringi zilitafutwa wiki mbili hadi Kisekka. Huko milimani kuna AG nyingine za makatekista na mabwana shamba zinazosubiri kipande kimoja tu, na injini ya Kipro ingeziamsha. Kufunguliwa si kutupwa.

Lakini Ngenge ni mbali na ni chini. Sauti haipandi genge. Na huko ndiko matope yalikohamia. Lami imepita kwenye barabara kuu, vijijini njia ni zile zile, na kwenye udongo ule mnyororo uliofunikwa na kariya mbili ni mali, wala hakuna anayehitaji kufika 60. Kijana huyo atakuwa anaendesha polepole, karibu na fundi, kwenye tambarare isiyo na milima ya kuchosha injini. Pikipiki iliyozeeka kwa kazi yako inaweza kuwa na miaka mitano mizuri kwa kazi yake. Na alijifunza kupiga kiki hiyo hiyo, anajua inavyonuna asubuhi. Mpe yeye.

Ila usimkopeshe.

Hapo nitakuwa mkali. "Kidogo kidogo kila mwezi" kati ya mwalimu na mwanafunzi wake ni sumu. Mwezi wa kwanza ataleta. Wa pili ataleta nusu na salamu nyingi. Wa tatu simu haitashikwa, nawe utaanza kuhesabu: mbona ana viatu vipya? Kisha utasikia Kipro ameangushwa, na utapiga simu kuuliza kuhusu pikipiki kabla hujauliza kuhusu mguu wa mtoto wa watu. Umempoteza kijana na pesa na chombo, vyote vitatu. Ukimpenda mtu, mwache adaiwe na wengine. Kijana ana kazi yenye cheti, ajiunge na SACCO, chama cha akiba na mikopo, akope huko, akulipe zote siku moja. SACCO ndiyo imfuate kila mwezi, haina moyo wa kuvunjika. Na bei iwe milioni 2 kamili. Laki mbili hizo hazitamuua, na wewe utakuwa umepunguza laki sita kutoka bei ya Mbale. Hiyo ndiyo zawadi yako kwake, nyingine usiongeze.

Sasa turudi pale uliponikodolesha macho. "Karatasi si tatizo, ingawa logibuku bado ina jina la mradi." Mdogo wangu! Miaka 16 umeishi na Kipro bila ndoa? Watoto wamempa jina, mbwa wamemkubali, na kwenye karatasi ni mali ya ofisi iliyofungwa!

Wewe unasema kila mtu anajua. Anayejua ni mtu wa Bukwo. Askari wa trafiki wa Mbale hajui. SACCO haitajua, na haitatoa mkopo kwa chombo ambacho muuzaji si mwenye jina. Na ukimpa kijana hivyo hivyo, siku Kipro akihusika kwenye ajali au akiibwa akatumiwa kwenye uhalifu, polisi watafuata jina, hawatalipata, kisha watafuata aliyeuza. Hata mfanyabiashara wa Mbale ni hatari zaidi kwako bila uhamisho, maana akishaifungua, fremu yenye namba itazunguka duniani na hutajua imefungwa kwenye nini.

Kazi yako ya mwezi huu ni hiyo. Tafuta risiti ya mnada na barua ya mradi ya kuthibitisha kwamba iliuzwa kwako. Najua uliziweka, mtu anayetunza mirija ya mbegu hatupi karatasi. Kama barua hukuwahi kupewa, uliza wilayani mradi huo ulikabidhi mafaili yake kwa nani ulipofunga. Miradi hufa lakini kuna mahali mafaili yanazikwa. Usajili wa vyombo siku hizi uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, si kwa watu wa kodi kama ulivyokuwa mwaka 2009, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda dirisha la zamani. Namba ya mlipa kodi utahitaji, na kijana naye aanze kutafuta yake kama hana. Jina likishakuwa lako, ndipo muandike makubaliano ya kuuziana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nakala za vitambulisho vya taifa vyenu wote wawili, namba ya injini na ya fremu zimeandikwa kwa mkono wako na si kwa kukumbuka. Kisha uhamisho kwenda jina lake ufanyike kabla hajawasha kuondoka. Si baada ya mavuno, si akipata nafasi. Kabla.

Hii itachukua muda, pengine miezi miwili, na hiyo ndiyo sababu nimesema usiuze wiki hii. Lakini angalia bahati yako: una milioni 4, kijana ataleta 2, umepungukiwa na laki 4. Miezi miwili ya kazi itaziba hilo bila kukopa. Usichukue Boxer kwa mkopo wa kila wiki kama vijana wa boda wa stegi, kwa sababu utamaliza kulipa ukiwa umenunua moja na robo ya pili. Na katika miezi hiyo, mvua ikinyesha na mkulima akapiga simu, usibishane na kiki. Kodi boda. Anza na yule mjane, na safari hii usimtoze.

Boxer ni chaguo la akili, kwa sababu moja tu inayonitosha. Spea yake ipo kwenye kila senta na fundi yeyote anaifungua huku anazungumza na wateja. Lakini haikuzaliwa kubeba mtungi. Kitu cha nyuzi 196 chini ya sifuri hakifungwi kwa mpira juu ya kiti cha abiria. Kabla hujapeleka mtungi hata siku moja, pitia kwa mchomeleaji akutengenezee kizimba cha chuma nyuma, mtungi usimame wima na usicheze. Nenda ukiwa na vipimo vya kariya ya Kipro kwenye karatasi. Na oili ya Boxer haiungui na petroli, inakaa ndani na inachoka, kwa hiyo inamwagwa na kubadilishwa. Watu waliozoea mashine kama yako husahau hili, injini ikakwama ndani ya mwaka. Mpe mama watoto kazi ya kuandika tarehe kwenye daftari lake.

Huyo mke mshike. Mtu anayeweza kuandika spea za miezi mingi, akajumlisha, akapiga mstari na kunyamaza, ni nadra kuliko ringi za AG. Ya panya anajua si kweli. Mwite mkasimame wote na hiyo tochi, mwambie habari ya jeneza, kwa sababu nadhani hata yeye hukumwambia yote.

Kwenye lami nenda taratibu. Breki za Boxer na mikono yako hazijafahamiana bado, na kuteremka kutoka kwenu kona ni nyingi. Helmeti ivaliwe kichwani, si kwenye kiwiko.

Sasa mpira. Ubandue, lakini ubandue leo, kabla kijana hajaja kuikagua. Alichokiona mnunuzi siku ya kukagua ni chake, na ukiung'oa baada ya kupokea pesa utaonekana mtu wa ajabu, tena kwa kijana uliyemfundisha heshima. Mnunulie mpira mwingine mweusi, ni wa bei ndogo, umfungie wewe mwenyewe. Ule wa zamani usiufunge kwenye Boxer. Mpelekee binti Mbale ukienda kuulizia Boxer, na umwambie ni nani aliyemaliza rangi ya kucha ya mama yake.

Shangazi